Shangazi, ratiba yangu hufa kila Jumanne

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka kazini saa kumi na moja jioni, nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Jikoni, madaftari ya watoto, vyombo, nguo za kesho: nikija kukaa chini ni saa tatu usiku. Hapo nashika simu dakika tano tu, nikishtuka ni saa saba. Kila Jumapili naandika ratiba mpya: kozi ya uhasibu kwa muda wa saa mbili kila usiku, kitabu nusu saa, mazoezi dakika 45 kila asubuhi. Jumatatu najikaza, Jumanne naanguka, na nikishakosa siku moja wiki yote naitupa. Kozi imebaki na masomo 18, kila somo pamoja na mazoezi yake hunila saa moja na nusu, nami nilijipa mwezi mmoja kumaliza. Jumamosi na Jumapili nafidia usingizi mpaka saa nne asubuhi, lakini Jumatatu naamka nimechoka zaidi. Mume wangu husaidia nikimwomba, ila anasema mimi ni mvivu mwenye mipango mingi. Ni kweli? Au niache kozi?
Mchovu

Marahaba, mwanangu.

Mvivu haamki alfajiri siku tano mfululizo kwa usingizi usiofika hata saa tano. Neno hilo tuliweke kando, na mumeo nitamrudia baadaye. Kinachokuangusha ni hesabu, tena ya kujumlisha na kutoa.

Tuanzie asubuhi turudi nyuma. Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa 7 kila usiku. Ukiamka saa kumi na moja na nusu, inabidi uwe umeshasinzia saa nne na nusu, kwa hiyo upande kitandani saa nne na robo. Wewe unakaa chini saa tatu. Kati ya saa tatu na saa nne na robo kuna dakika 75. Ratiba yako inataka dakika 120 za kozi, 30 za kitabu na 45 za mazoezi: jumla 195. Pengo ni dakika 120, kila siku ya kazi. Dakika hizo hutazipata popote ila kwenye usingizi, na huko ulishachota mpaka ukagusa chini. Kwa hiyo ratiba yako haifi Jumanne. Inazaliwa maiti Jumapili. Jumanne ni mazishi tu.

Kosa hili ni la wengi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia mwaka 1979: mtu akikadiria muda wa kazi, huiwazia kazi ikienda sawasawa, na husahau ilivyokwenda mara zilizopita. Dawa yake ni kupima. Chukua daftari dogo, siku tatu za kazi na Jumamosi moja, kila baada ya nusu saa andika ulichokifanya hasa. Usijipambe, na usibadilishe chochote kwanza. Wengi huharibu hapa: wakijua wanajipima, wanaishi vizuri siku tatu, halafu wanapanga wiki kwa kufuata siku za maonyesho. Kazi ambayo hujawahi kuipima, kadiria kisha ongeza nusu yake. Ukidhani itachukua dakika 40, iandikie 60.

Sasa simu. Umeandika juu yake kwa aibu, lakini angalia inashikwa saa ngapi: saa tatu usiku, dakika ya kwanza ambapo hakuna bosi, mtoto wala mume anayekuita. Huo ndio muda pekee wa siku ulio wako, na mtu hauachii kirahisi hata kama unamgharimu kesho yake. Ndiyo maana kujikaripia hakusaidii. Ukiuondoa muda huo bila kuweka kingine mahali pake, utarudi kwa mlango wa nyuma. Pili, kitabu kina mwisho wa sura, mazungumzo yana kwaheri. Video fupi hazina mwisho, ikiisha moja nyingine imeshaanza. Akili iliyochoka haiwezi kuweka mwisho ambao kitu chenyewe hakina. Mwisho lazima utoke nje yako.

Basi fanya hivi. Starehe yako ipe muda halali, peupe, wala si wa wizi: kila usiku angalau dakika 20. Uperuzi, ucheke, uchati, lakini ukiwa umekaa kwenye kiti, kitandani hapana. Weka alamu ya kumaliza, na iwekwe kabla hujaanza. Ikilia, simu inakwenda kwenye chaji chumba kingine. Utaniambia unaitumia kuamka. Nunua saa ya mezani, au iweke simu mbali kiasi kwamba lazima usimame kuizima. Kuiacha chini ya mto na kujiahidi kuwa hutaigusa ni kujipa mtihani mgumu saa ambayo huna nguvu za kuufanya.

Usihame kutoka saa saba kwenda saa nne na robo kwa usiku mmoja. Saa ya mwili haikubali amri. Utalala ukigeukageuka, useme njia hii haifai, urudi kwenye simu. Sogeza dakika 15, kaa hapo usiku mbili, sogeza tena. Kutoka saa saba mpaka saa nne na robo ni hatua 11, yaani usiku 22, wiki tatu na kidogo. Kama macho yanafumba mapema kuliko hatua uliyofikia, usiyazuie, lala. Na ukipanda kitandani usingizi ukagoma kwa kama dakika 20, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha macho, urudi ukisinzia. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaikia, kitakuhangaisha hata siku uliyochoka vizuri.

Kinachokuvunja zaidi, na wewe unakiona dawa, ni ule usingizi wa mpaka saa nne asubuhi. Ukiamka saa nne Jumapili, mwili unahesabu kuwa siku imeanza saa nne. Saa nne usiku umekaa macho muda wa saa 12 tu, wakati siku za kazi hufika saa hiyo ukiwa na saa 16 na zaidi. Usingizi utakujaje? Unakesha, Jumatatu kengele inalia alfajiri ileile, na wiki inaanza na deni. Mwisho wa wiki ongeza saa moja tu asubuhi: amka saa kumi na mbili na nusu. Uchovu uliobaki ufidie kwa kulala mchana dakika 20, kabla ya saa tisa. Weka alamu, maana ukipitiliza sana utaamka na kichwa kizito na usiku utaharibika. Na kama unakunywa kahawa au chai ya rangi kazini, kikombe cha mwisho kiwe saa sita mchana. Kwa kawaida mwili huchukua kama saa tano kupunguza kafeini kufika nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku.

Mumeo. Kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu ni dakika 150, na zote umezibeba wewe, yeye akingoja kuombwa. Kuomba nako ni kazi: wewe ndiye unayekumbuka, unayepanga, unayefuatilia. Usimpe vipande. Mpe jambo zima, mwanzo hadi mwisho, na liwe lake. Kwa mfano madaftari ya watoto: kujua wana kazi gani ya nyumbani, kukaa nao, kusaini. Mtoto wa miaka 12 aoshe vyombo, wa miaka 9 atoe nguo zake za kesho mwenyewe. Zungumzeni mchana siku ya mapumziko. Usiku wa Jumanne ukiwa umekasirika maneno hayo yatageuka ugomvi. Na ukishamkabidhi, usipite nyuma yake kurekebisha. Vyombo vikibaki na ukungu wa sabuni wiki ya kwanza, visuuzwe tena na aliyeviosha. Ukivichukua wewe, umerudishiwa kazi na huiachii tena. Nusu saa utakayookoa hapo usiipangie kitu. Iache iwe akiba, mtoto akiumwa au foleni ikikuchelewesha, saa tatu yako ibaki kuwa saa tatu.

Tupange wiki sasa, kwa dakika 75 zilizopo kweli. Kozi iwe Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, dakika 45 kila usiku, saa tatu kamili hadi saa tatu na dakika 45, halafu dakika 20 za starehe. Jumanne na Ijumaa hakuna kozi kabisa. Kitabu kinaingia hapo, ukitaka, na usipotaka pia sawa. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla nyumba haijachangamka, vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 10 katikati. Jumla vipindi vitano kwa wiki. Wakati wa kipindi simu iwe chumba kingine tayari. Kuizima sauti hakutoshi, maana macho huifuata.

Mazoezi ya dakika 45 alfajiri yafute. Yangekuamsha saa kumi na robo tatu, na hakuna faida ya kununua afya kwa usingizi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Tembea haraka dakika 15 mchana kazini, siku tano: 75, nusu imeisha. Iliyobaki igawe Jumamosi na Jumapili, na watoto wakikufuata ni vizuri zaidi. Mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli tutayaongeza ukishapata usingizi.

Kabla ya kupanda kitandani, chukua dakika tano uandike kwenye karatasi mambo ya kesho, moja moja, kwa maneno mahususi. Usiandike «uhasibu», andika «somo la 7, mazoezi mawili ya kwanza». Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliona kuwa walioandika ya kesho walisinzia haraka kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Kichwa huacha kushika kile ambacho karatasi imeshika.

Umesema ukikosa siku moja unaitupa wiki. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuzoeleka, lakini wapo waliotumia 18 na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo Jumatatu ikikupita, usiihamishie Jumanne. Kipindi kilichokosekana kimekosekana. Kinachofuata ni Jumatano saa tatu. Kulimbikiza madeni ndiko kunakoziua ratiba nyingi, kuliko hata uvivu unaosingiziwa.

Kuna uchovu ambao ratiba haiutibu. Ukilala saa 7 kwa wiki tatu na bado unaburuta miguu, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha hivyohivyo. Mumeo akikuambia unakoroma kisha pumzi inakatika, mwambie daktari. Na kama kwa wiki mbili umekuwa na huzuni karibu kila siku, au hata yale uliyoyapenda hayakupi raha, usingoje wiki tatu hizo. Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Kozi usiiache. Masomo 18 kwa saa moja na nusu ni vipindi 36 vya dakika 45. Kwa vipindi vitano kila wiki, utamaliza wiki ya nane, nami nakuongezea ya tisa kwa ajili ya homa na wageni. Ule mwezi mmoja ungekutaka vipindi tisa kila wiki, na kwa nyumba yako havipo. Angalia tarehe ya mwisho ya kozi. Ikiwa ni kabla ya wiki ya tisa, andika barua ya kuomba kuongezewa muda wiki hii, utaje na tarehe utakayomaliza. Wanaoomba mapema wakiwa na tarehe mkononi husikilizwa kuliko wanaoomba siku mbili kabla ya mtihani.

Shangazi