Kwa mnaoanza baiolojia ya seli Mlimani: anzeni na malaria

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza, karibuni. Mada ya asili ya oganeli, yaani viungo vidogo vya ndani ya seli, ina madesa mengi, na yote yanasema yale yale: mitokondria ina DNA yake ya duara, ina ribosomu zake, ina utando wa tabaka mbili, basi zamani ilikuwa bakteria. Ni kweli, ila anayekariri hivyo hukwama swali likigeuzwa kidogo. Kila ushahidi uulizeni: unaondoa dhana gani?

Chukueni ribosomu. Za saitoplazimu ya mmea ni 80S, za kloroplasti ni 70S kama za bakteria (S ni kipimo cha kasi ya kuzama, kinachoashiria ukubwa). Na RNA ya ribosomu hizo ilipolinganishwa miaka ya 1970, ndugu zake walikuwa saianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, si kiini cha mmea wenyewe. Mwanabaiolojia Lynn Margulis hakuwa na ushahidi huo alipochapisha mwaka 1967 hoja yake kwamba oganeli hizi zilikuwa bakteria, tena baada ya majarida mengi kuikataa. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

Sasa malaria, ambayo hapa Dar hakuna asiyeijua. Kimelea chake, Plasmodium, ana apikoplasti: oganeli yenye DNA yake, jamaa ya kloroplasti, ingawa haitumii mwanga wa jua kabisa. Utando wake una tabaka nne. Kwa nini nne? Saianobakteria alimezwa, ukatokea mwani. Baadaye sana mwani mwekundu nao ukamezwa na babu wa Plasmodium, na kumezwa huko kukaongeza tabaka juu ya zile za awali. Uwezo wa kutumia mwanga ulipotea, lakini apikoplasti ikabaki kwa kuwa inatengeneza malighafi ambazo kimelea hawezi kuishi bila hizo. Hapo ndipo doksisaiklini, dawa ya bakteria, inapompatia: inazuia ribosomu za apikoplasti. Kimelea hafi papo hapo. Ni kizazi chake, kinachorithi apikoplasti mbovu, kinachoshindwa kuendelea mzunguko unaofuata. Kwa hiyo dawa hii huwafaa wasafiri kama kinga, na katika tiba huambatanishwa na dawa inayoua haraka. Uchoreni mtiririko huu mpaka muweze kuuchora bila daftari.

Msiibandike nadharia hii kila mahali, lakini. Golgi, oganeli inayofungasha protini za seli, haina DNA yake, na hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuwa bakteria.

Swali linalowashinda wengi ni hili: kama mitokondria ilikuwa bakteria, mbona haioti peke yake kwenye sahani ya maabara? DNA ya mitokondria ya binadamu ina jozi za besi 16,569 na jeni 37, na ni 13 tu kati yake zinazotoa protini. Protini nyingine, zaidi ya elfu moja, jeni zake ziko kwenye kiini. Hutengenezwa kwenye saitoplazimu kisha huingizwa ndani. Jeni nyingi za bakteria yule zilihamia huko, nyingine zikapotea. Mkiulizwa oganeli inatofautianaje na bakteria anayeishi tu ndani ya seli, anzeni kwa kuangalia protini zake zinatoka wapi.