Usianze na sheria, anza na masjala

Semina yangu ya kwanza kwa maofisa kuhusu Sheria ya Kupata Taarifa, ile inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa za ofisi za umma, niliiendesha Dodoma mjini, ukumbi wenye viyoyozi, slaidi 60. Nilianza na ibara ya 18 ya Katiba, nikashuka kifungu kwa kifungu. Baada ya pilau, nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia. Waliobaki macho walitaka kujua posho inalipwa saa ngapi. Siwalaumu, hata mimi ningesinzia.

Miezi michache baadaye nikaenda kwenye ofisi ya mmoja wao, nimemsindikiza mzee aliyeomba kuona mkataba wa kisima cha kijiji chao. Bosi akasimama kutupokea: "Karibu mwalimu! Shikamoo mzee." Akasoma barua, akasema ni haki yake kabisa, akamwita karani wa masjala, chumba cha kutunzia mafaili. Dada wa watu akapekua makabati asubuhi nzima. Faili lilikuwa limetoka mwaka uliopita, na aliyelichukua hakuandikwa popote. Nikamuuliza kama alihudhuria semina. Akacheka. Semina huenda wakubwa.

Basi, ukialikwa kufundisha maofisa, sharti la kwanza: karani aje, akae mbele. Siku ya kwanza msifungue sheria. Mimi hugawa barua za kubuni. Mmoja anataka mapato na matumizi ya kijiji, mwingine orodha ya waliogawiwa viwanja, mwingine anataka majibu ya vipimo vya hospitali vya jirani yake. Wazipige mhuri wa kupokelewa, waandike tarehe, wafungue faili. Sheria hiyo, Na. 6 ya 2016, inatoa siku 30 kumjibu mwombaji. Barua iliyoingia bila mhuri, hizo 30 utazihesabu kuanzia lini?

Halafu kuna hofu, na hapa usiwe na haraka. Mtendaji mmoja alinivuta pembeni wakati wa chai: "Mwalimu, nikinyima nitalaumiwa, nikitoa nitafungwa. Bora ninyamaze." Hoja anayo. Sheria hiyohiyo inaweka kifungo kwa anayetoa taarifa zilizozuiliwa. Ukimhubiria uwazi bila kumwonyesha mpaka uko wapi, atakuitikia vizuri tu kisha arudi kwenye "njoo kesho". Ndiyo maana kifungu cha 6, kinachotaja taarifa zinazoweza kuzuiliwa, nakipa nusu siku nzima: usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, siri halali za biashara. Tunarudi kwenye zile barua, moja moja. Vipimo vya jirani? Ukumbi mzima unasema hapana, na sababu wanaitaja. Mapato na matumizi? Hayo hata mkutano mkuu wa kijiji husomewa. Viwanja ndipo wanapogombana, nami huwaacha wagombane. Anayenyima lazima aandike sababu kwenye barua ya majibu. Mhuri mwekundu wa SIRI peke yake siupokei kama sababu. Nimewahi kuuona kwenye ratiba ya usafi wa ofisi.

Kila ofisi huondoka na daftari la maombi. Baada ya miezi mitatu napita, nalitaka hilo kabla sijapewa chai. Safari ya mwisho nilikuta maombi manne, matatu yamejibiwa. Moja lilikuwa langu, nililituma kimyakimya kama mwananchi yeyote. Walinijibu siku ya 27.