Lewiston, Maine: namna ya kuisoma hesabu ya watu na ramani ya mji mdogo kabla hujauhamia

Haipiti miezi miwili bila kupigiwa simu na mtu anayetaka kuhamia huku, awe nyumbani Tanzania au katika jimbo jingine la hapa hapa Marekani, na karibu wote huanza kwa kunisomea walichokipata mtandaoni: kwamba Lewiston ilikuwa na watu 37,121 katika sensa ya mwaka 2020, kwamba ni mji wa pili kwa wingi wa watu katika jimbo la Maine, na kwamba umejengwa kando ya mto Androscoggin. Taarifa hizo ni za kweli. Nami nilizisoma kabla sijaja, nikazipokea kama zilivyo, na kwa kutojua namna ya kuzihoji nikaingia gharama ambazo ningeweza kuziepuka. Ndiyo maana leo naandika kwa kirefu yale ambayo kwenye simu huyaeleza kwa haraka.

Mtu aliyekulia Handeni kama mimi akisikia "mji wa pili", anaiwaza Mwanza. Lakini jimbo zima la Maine lina watu 1,362,359, na mji wake mkubwa kuliko yote, Portland, una watu 68,408 tu. Kuwa wa pili nyuma ya Portland maana yake ni kwamba hospitali zipo, chuo kipo na maduka yapo, ila ukihitaji wakili wa mambo ya uhamiaji au daktari bingwa wa ugonjwa usio wa kawaida, huenda ukasafiri kilomita zipatazo 55 hadi Portland, au 225 hadi Boston. Cheo cha mji hakina maana mpaka ujue unashindanishwa na miji ipi.

Mpaka wa mji ndio unaowachanganya wageni kuliko kitu kingine chochote. Ukisimama kwenye daraja la Longley, maporomoko yakinguruma karibu yako, unaona majengo kwenye kingo zote mbili, na macho yanakuambia kwamba huu ni mji mmoja uliopitiwa na mto. Kisheria ni miji miwili. Upande wa mashariki ni Lewiston, na upande wa magharibi ni Auburn, yenye watu 24,061, meya wake, shule zake na kodi zake za majengo. Mwezi Novemba 2017 wananchi waliletewa kura ya kuiunganisha miji hiyo, na pande zote mbili zikakataa. Maji ya kunywa wanachota mahali pamoja, Ziwa Auburn, lakini mtoto huandikishwa shule kwa kufuata upande mnaolala, na familia iliyokwama ikihitaji msaada wa dharura wa kodi ya pango au chakula, kwa utaratibu wa Maine huenda kuuomba kwenye ofisi ya mji inamoishi. Mama mmoja ninayemfahamu alivuka mto mwezi Januari kwa kufuata kodi nafuu, umbali usiozidi dakika kumi kwa miguu, akalazimika kuwahamisha shule watoto wake watatu katikati ya mwaka wa masomo.

Kwa hiyo ukiona tarakimu, uliza kwanza imehesabu eneo lipi. Lewiston peke yake ni 37,121. Pamoja na Auburn ni 61,182. Na kaunti nzima ya Androscoggin, yenye miji na vijiji 14, ni 111,139. Zote tatu huandikwa kana kwamba ndiyo Lewiston, na anayetangaza kazi au nyumba huchagua ile inayompendezea. Tena kumbuka kwamba sensa ya Marekani humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida tarehe 1 Aprili, hivyo wanafunzi wanaoishi katika Chuo cha Bates, kilichoanzishwa mwaka 1855, wamo ndani ya hesabu hiyo, ingawa wengi wao huondoka wakimaliza masomo.

Mimi nilikosea kwenye msongamano. Mji una takriban kilomita za mraba 88 za nchi kavu, na ukigawa watu kwa eneo hilo unapata kama watu 420 kwa kila kilomita ya mraba. Niliona ni idadi ya kutosha kwa mtu asiye na gari, nikakodi chumba ambacho tangazo lilisema kiko Lewiston. Kilikuwa Lewiston kweli, karibu na mpaka wa mashariki, na nilipofika nikakuta nyumba chache zilizotengana, msitu wa misonobari, na barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi. Nakumbuka vizuri siku moja ya mwezi Machi nikirudi na mfuko wa mchele wa kilo tisa begani, nikitembea kwenye ukingo wa barabara uliojaa theluji iliyogeuka tope, kila lori likipita linanilowesha hadi kiunoni. Mwenye nyumba hakunidanganya. Wastani ndio ulionidanganya, kwa sababu watu wa mji huu hawakusambaa kwa usawa: wamesongamana katika eneo dogo la katikati, kuanzia Mtaa wa Lisbon na bustani ya Kennedy kuelekea mitaa yenye majina ya miti, Birch, Pine, Spruce, Walnut na mingineyo, na sehemu kubwa iliyobaki ni mashamba, vichaka na nyumba za wenye magari. Usikodi mahali popote hapa kabla hujaitafuta anwani yenyewe kwenye ramani ya picha za angani na kupima kwa miguu umbali wa kwenda dukani, shuleni na kituo cha basi.

Huo msongamano wa katikati una historia, na historia hiyo ukiifahamu utajua nyumba ya kuikagua kwa makini. Mto unaposhuka kwenye maporomoko una nguvu nyingi, na katika miaka ya 1850 matajiri wa Boston waliitumia nguvu hiyo kwa kuchimba mifereji na kujenga viwanda vya nguo za pamba. Mwaka 1850 Lewiston ilikuwa na watu 3,584. Kufika 1880 walikuwa 19,083, wakiwamo maelfu ya Wakanada wanaozungumza Kifaransa walioletwa na reli kutoka Quebec. Nyumba za mbao za ghorofa tatu na nne zilizosimama hadi leo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi hao, karibu na lango la kiwanda. Kwa umri huo, nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na unga wa rangi hiyo ukiingia tumboni mwa mtoto mdogo hudhuru ubongo wake. Tatizo hili ni kubwa Lewiston. Muulize mwenye nyumba mwaka ilipojengwa na kama imepimwa risasi, angalia rangi inayobanduka madirishani, na ukiwa na mtoto wa chini ya miaka sita mpeleke akapimwe damu mapema. Uliza pia nani analipia mafuta ya kupasha nyumba joto, maana kodi iliyoonekana nafuu Agosti inaweza kuongezeka sana Desemba.

Tarakimu ya mwaka mmoja ni kama picha moja ya mtu anayetembea: haikuonyeshi anakokwenda. Lewiston ilifikia kilele mwaka 1970 kwa watu 41,779. Viwanda vilipofungwa watu wakaondoka, na mwaka 2000 walibaki 35,690. Mwaka 2001 familia za Wasomali zilianza kuhamia kutoka miji mingine ya Marekani, zikitafuta utulivu na nyumba zilizokuwa wazi. Mapokezi hayakuwa mepesi. Oktoba 2002 meya wa wakati huo aliwaandikia barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja, barua iliyowaumiza wengi, na Januari iliyofuata maelfu ya wakazi walikusanyika kuwaunga mkono. Hesabu ya 2010 ilipanda hadi 36,592, kisha hiyo ya 2020 tunayoijua. Mji uliokuwa unapungua kwa miaka thelathini uliacha kupungua, na Mtaa wa Lisbon, ambao maduka yake mengi yalikuwa yamefungwa, ukarudi kuwa mtaa wa biashara.

Kuna jambo ambalo hakuna jedwali lililonitayarisha nalo. Katika kipengele cha asili, sensa humweka Msomali, Mkongo, Mrundi na Mmarekani mweusi katika kisanduku kimoja, na uchunguzi wa kila mwaka unaouliza lugha huweka Kiswahili fungu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Wiki yangu ya tatu hapa niliingia duka moja kununua iliki. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja aliyejitanda ushungi wa manjano, akamgeukia mjukuu wake akamwagiza jambo kuhusu mlango, na mwili wangu ukasisimka kabla akili haijaelewa kwa nini. Alikuwa akizungumza Kizigua, lugha ya bibi yangu mzaa mama. Babu zao walichukuliwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania hadi bonde la mto Juba, Somalia. Vita vya 1991 vikawakimbizia kambi za Kenya, ambako wengi walijifunza Kiswahili, na kuanzia 2003 Marekani ikawapokea. Nilimwamkia kwa Kizigua. Alinishika mkono akakataa kuuachia, akaniuliza ukoo wetu, na iliki akalipa yeye. Basi ukitaka kujua kama utapata watu wako, usitegemee jedwali. Mpigie mtu wa msikiti, kanisa au duka la vyakula vya kwetu.

Umri wa watu ndio utakaokuonyesha kazi. Maine ina umri wa kati (ule ambao nusu ya watu wameuzidi na nusu hawajaufikia) mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani, kwa hiyo kazi za kuhudumia wazee hazikosekani, na ndiyo kazi niliyoianza. Wazee wengi niliowalaza na kuwaamsha ni watoto na wajukuu wa wale Wakanada wa viwandani. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa akiongea Kifaransa na mzee mmoja ambaye Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka kwa uzee, na mzee huyo alikuwa hali chakula mpaka aje yeye.

Udogo wa mji una uzito wake pia. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliwaua watu 18 hapa, na katika mji wa watu elfu thelathini na saba hakukuwa na mahali pa kazi, shule wala nyumba ya ibada ambako hukukuta mtu aliyemfahamu mmoja wao. Huzuni ya mji mdogo huingia kila nyumba.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Lewiston iko nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta; katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama baada tu ya saa kumi jioni. Dhoruba ya theluji ikitangazwa, mji hukataza kuegesha magari mitaani usiku ili mitambo ya kuondoa theluji ipite. Gari langu lilikokotwa mwaka wa kwanza, nikalipa faini pamoja na gharama ya kulikomboa, kwa sababu sikuuliza kama nyumba ina maegesho yake.

Kwa hiyo anayenipigia simu mwezi Juni akitaka kuja kuuona mji wakati mto umetulia na miti imejaa majani, humwomba aahirishe. Njoo Februari kwa siku tatu. Lala mtaa ule ule unaotaka kukodi, tembea kwa miguu hadi dukani ukiwa umebeba mzigo, vuka daraja uende Auburn na urudi, na usiku ukiwa ndani usikilize mtambo wa joto unawaka mara ngapi.