Dodoki lisilokauka: majibu ya maswali yenu ya jikoni

Nitumie sponji gani kuoshea vyombo? (Msomaji, Soko Matola)

Swali hili limekuja mara nyingi mno, na karibu kila anayeuliza hasemi anaosha nini. Kikombe cha chai na sufuria la ugali lenye ukoko si kazi moja. Vikombe na sahani vinatosheka na kitambaa cha pamba au dodoki la mmea. Ukoko ulowekwe maji ya moto nusu saa, ndipo usugue. Wengi mnakimbilia kitu kikali kwa sababu tu hamkuloweka.

Zile sponji za njano zenye mgongo wa kijani ni plastiki pande zote mbili. Kila ukisugua zinamomonyoka, na chembe zinakwenda na maji machafu. Zipo za nyuzi za miti, ambazo huoza zikifukiwa. Utazijua zikikauka: hukakamaa kama kibao, ilhali ya plastiki hubaki laini. Picha ya jani kwenye pakiti isikudanganye. Mimi nasimama na dodoki la mmea, ndugu wa boga na mung'unye. Halikwaruzi sufuria, lina matundu hivyo maji hutoka upesi, na likichoka unalitupa kwenye shimo la mboji.

Nikiichemsha sponji, si inakuwa kama mpya? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Haiwi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza sponji 14 zilizotumika majikoni, wakakuta sehemu nyingine zina bakteria zaidi ya bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo. Zile ambazo wenyewe walizisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Si kila bakteria huleta ugonjwa, lakini makazi yao unayatengeneza wewe: unyevu na mabaki ya chakula. Kuchemsha kunapunguza, halafu unairudisha kwenye kisahani chenye maji ya jana, wanazaana upya.

Kamua, suuza, tundika. Bibi yangu alitundika dodoki lake juu ya mafiga, na kwa mvua za Rungwe hakuna mahali bora zaidi. Sponji ya plastiki ibadilishe kila wiki. Ikinuka, hata kama ina siku mbili, itoe.

Naweza kupanda madodoki Makete? (Msomaji, Makete)

Hapana, sakitu itayaua. Mmea huo unataka joto kwa miezi mitano hivi. Mwombe ndugu aliyeko Kyela au Pawaga akupandie.

Majivu bado yanafaa? (Msomaji, Njombe)

Yanafaa sana kwa vyombo vya udongo na vya chuma. Majivu ya kuni yana magadi, yakikutana na mafuta huyageuza kuwa namna ya sabuni. Yachekeche kwanza. Kwenye sufuria za alumini usiyatumie, magadi huila alumini. Na kama jikoni kwako huchomwa plastiki, majivu hayo yasiguse chombo cha kulia.

Shikamoo mama. Nauza chakula Mwanjelwa, natumia stilwaya kwa kila kitu. Kuna shida?

Marahaba mwanangu. Ipo. Stilwaya ni ya masizi, chini ya sufuria kwa nje, basi. Nyuzi zake hukatika na kuingia kwenye wali, na mteja akimeza moja inaweza kumchoma koo. Kwenye kikaango kisichogandisha inabandua utando wote.

Hukuniuliza hili, lakini nakuambia. Dodoki lililogusa kibao cha kuku mbichi lisiguse kikombe. Weka mawili, moja likate pembe ili hata msaidizi wako alitambue. Na yale maji ya kusuuzia yanayogeuka rangi kabla ya saa saba mchana ni hatari kuliko sponji yoyote. Badilisha maji hata kama bomba liko mbali, watu wanakula kwako kwa kukuamini.

Sponji zilizochakaa nawashia mkaa, zinashika moto haraka. Ni sawa? (Msomaji, Tukuyu)

Si sawa hata kidogo, na nakusihi uache leo. Povu lile likiungua hutoa kaboni monoksaidi na gesi ya sianidi, sumu mbili zinazoua. Wewe uko Tukuyu, Juni na Julai mnafunga madirisha kwa baridi na jiko liko ndani pamoja na watoto. Mkaa peke yake kwenye chumba kilichofungwa umeshaua familia nzima nzima, nawe unaongezea moshi wa plastiki! Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 naona watu wamehamia kuwashia sponji na ndala. Magunzi ya mahindi yamejaa uani, yakaushe uwashie hayo, na jiko ulikolezee nje kabla ya kuliingiza.

Sponji iliyochoka ipe kazi ya kusugua choo au matope ya viatu. Ikiisha kabisa, ipeleke kwenye ghuba la taka la mtaa, usiitupe Mto Kiwira.