Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Rangi ya Bampa Inabanduka Kama Ganda?

SWALI: Ndugu Mhariri, bampa ya mbele ya gari langu ilikuwa imechubuka pembeni na kupauka. Niliiosha kwa sabuni, nikaisugua kidogo kwa msasa, nikaipangusa kwa petroli, kisha nikapuliza rangi ya kopo tabaka mbili nzito. Siku za mwanzo ilipendeza sana, lakini wiki ya tatu, nilipokuwa nikiosha gari, niliona ukingo umeinuka. Nilipouvuta kwa ukucha, kipande cha ukubwa wa kiganja kilitoka kizima. Mikono ya waipa, ambayo ni ya chuma na niliipaka siku hiyohiyo, nayo imeanza kufura vipele. Je, niliuziwa rangi mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuilaumu rangi, kiokote kile kipande kilichotoka ukigeuze, kwa maana mgongo wake ndio utakaokueleza kilichotokea. Ikiwa ni laini na unang'aa, na plastiki iliyobaki kwenye bampa ni safi kana kwamba haijawahi kupakwa kitu, basi rangi yako haikushika hata siku moja, bali ilikuwa imelala tu juu ya plastiki. Ikiwa mgongo una unga, uliipaka juu ya vumbi la msasa au juu ya rangi ya zamani iliyokwisha kuoza kwa jua. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika kuwa yako ni hali ya kwanza.

Bampa nyingi za magari ya kisasa hutengenezwa kwa plastiki ya jamii ya polipropilini. Ukichungulia upande wake wa ndani, mara nyingi utakuta herufi PP (yaani polipropilini), au PP+EPDM (polipropilini iliyochanganywa na mpira), zimechapwa kwenye plastiki yenyewe. Plastiki hii ina tabia ya kukataa kushikwa: maji hukusanyika juu yake kama tone juu ya jani la yungiyungi, na rangi nayo hufanya hivyohivyo, ila kwa kuwa rangi hukauka, jicho halioni kwamba haikushika. Kwa sababu hiyo, popote ambapo plastiki tupu imejitokeza, hupulizwa kwanza tabaka jepesi la dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki, kisha praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, inayoweza kujikunja bila kupasuka, na ndipo rangi hufuata. Muda wa kungoja baada ya dawa hiyo umeandikwa kwenye kopo, nao hutofautiana sana kati ya dawa na dawa, kwa hiyo usiukisie.

Kosa la pili ni petroli, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mvuke wake unaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu, na zaidi ya hayo huacha utando wa mafuta usioonekana. Tumia dawa ya kuondoa mafuta inayouzwa kwa kazi ya rangi, ukiwa na vitambaa viwili safi, kimoja kikiwa na dawa na kingine kikavu, na upanguse kwa kile kikavu kabla dawa haijakauka, la sivyo utakuwa unayahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Jambo ambalo wengi hulikosea ni mpangilio: mafuta huondolewa kabla ya msasa, kisha tena baada ya msasa. Ukianza na msasa, utasukuma nta na silikoni ya dawa za kung'arishia gari ndani ya mikwaruzo, na utakapopuliza rangi utaona vijitundu vya duara vikifunguka hapa na pale, kila kimoja kikiwa na kitovu kisichokubali rangi.

Sasa, kwa hiyo bampa yako, usijaribu kuziba kiraka. Kila kinachoinuka kwa ukucha lazima kitoke. Kwa sehemu inayoonekana kushika, kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu juu yake, ikandamize na uivute kwa nguvu. Ikija na rangi, endelea kuondoa. Usitumie dawa ya kuchubulia rangi ya chuma, kwa sababu inaweza kuilainisha plastiki yenyewe. Anza na msasa namba 240 kwenye kingo za rangi ya kiwandani, halafu 400, mpaka utakapofumba macho na kupitisha kidole bila kuhisi ngazi kati ya rangi na plastiki. Kidole hapa ni mwaminifu kuliko jicho, kwani ngazi ndogo usiyoiona leo itajitokeza waziwazi rangi ya kung'aa ikishakauka. Praima nayo ikikauka, ipitie kwa msasa namba 600 wenye maji.

Katika kupuliza, shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza ukiwa nje ya bampa, pita nayo kwa mwendo mmoja, umalizie nje upande wa pili, na kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu, kiasi kwamba praima bado inaonekana. Ngoja dakika 10 hivi, kisha rudia. Tabaka tatu au nne nyembamba hushinda mbili nzito, kwa sababu tabaka nzito hukauka usoni huku thina ikiwa bado imenaswa chini. Usifanye kazi hii juani, wala mahali penye upepo, wala kwenye unyevu wa umande. Rangi inayogusika baada ya saa moja bado haijakomaa, kwa hiyo uipe angalau wiki moja kabla ya kuosha gari kwa maji ya nguvu.

Kuhusu waipa, vipele hivyo huenda ni kutu iliyoachwa chini ya rangi. Isugue kwa msasa namba 120 hadi chuma king'ae, hata ndani ya vile vijishimo vyeusi, uondoe mafuta, kisha upake praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla chuma hakijaanza kushika kutu upya.

SWALI: Paa la gari langu limebanduka ule utando wa juu unaong'aa, na limebaki na mabaka meupe. Je, naweza kupuliza klia mpya juu yake?

JIBU: Hapana. Kingo za mabaka zitabaki zikionekana kama ramani chini ya klia mpya, na rangi iliyokaa juani bila kinga imeharibika tayari, kwa hiyo klia hiyo itabanduka pamoja nayo. Lazima paa zima lisuguliwe hadi pale panaposhika, lipigwe praima, rangi, kisha klia. Klia imara ni ile inayochanganywa na kikaushio, lakini kikaushio hicho kwa kawaida kina isosianeti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Kwa kazi kubwa kama paa, ushauri wangu wa dhati ni kwamba usugue mwenyewe nyumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu inayokula muda mwingi, kisha upulizaji umwachie fundi mwenye chumba na vifaa vya kupumulia.

SWALI: Nataka kupaka rangi rimu zangu. Kuna mahali pasipopaswa kupakwa?

JIBU: Zipo sehemu mbili, nazo ni za usalama: uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa), na vikalio vya nati. Rangi ikiwekwa hapo husagika na kupungua unene gari linapotembea, na nati zilizokuwa zimekazwa vizuri hulegea. Zibe sehemu hizo kabla ya kupuliza, na baada ya kurudisha magurudumu na kuendesha kilomita 50 hadi 100, zikaze nati tena kwa spana yenye kipimo.