Barua kwa mwanangu: yule wa 13

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Wa baada ya salamu, sisi huku Amu (Lamu) tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mamako umepungua kuuma, na tangu uondoke anauliza kila siku kama mjukuu wake ameanza kula uji.

Ujumbe wako wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Umesema siku ile mlipokuwa mkijiandaa kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja uwanja wetu wa Manda, kwenye ile ndege ndogo ambayo abiria hukaa karibu na rubani hata humsikia, ulimsikia akiuambia mnara wa kuongozea ndege "POB 13". Ukageuka ukahesabu: abiria 10, marubani 2, jumla 12. Ukakaa na swali hilo hadi mkatua: huyo wa 13 ni nani, na watu wa mnara wanamtakia nini? Sasa umeniuliza mimi, kwa kuwa miaka yangu yote ya kazi niliikalia mnarani Malindi.

Wa 13 ni mwanao. Alikuwa amelala kifuani mwako, umemfunika leso, nawe ukahesabu watu wote isipokuwa yule uliyembeba. Bibi yako alikuwa na kisa cha mtu aliyehesabu punda wake akakuta mmoja amepotea, kumbe ndiye aliyempanda. Hayo humpata kila mtu. Ndiyo maana kazi ya kuhesabu haiachiwi macho peke yake.

Herufi hizo tatu ni ufupisho wa Kiingereza, maana yake ni idadi ya watu waliomo ndegeni. Wote: abiria, marubani, wahudumu, fundi aliyepewa nafasi nyuma, mtoto wa siku tatu asiye na kiti wala mkanda wake mwenyewe. Marubani wa Marekani hawasemi watu, husema roho. Neno hilo walilirithi kwa mabaharia, na mimi nalipenda kuliko lile la kwetu la kazini, kwa sababu halina pa kujificha. Mtoto wa mapajani hana tiketi ya kiti lakini ana roho. Na maiti anayesafirishwa kwao kuzikwa, ambaye huenda ana karatasi nyingi kuliko abiria yeyote, hahesabiwi. Niliwahi kumpokea rubani mgeni aliyesema 6, nikaona kwenye karatasi wameandikwa 7. Nikamuuliza. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba wa saba yumo ndani ya jeneza. Nikafuta 7 nikaandika 6, na nikamwombea rehema yule ambaye sikumjua jina.

Idadi hiyo huandikwa pia kabla ya safari. Fomu ya mpango wa safari, ambayo ni moja dunia nzima, ina kisanduku cha 19. Humo rubani hueleza mafuta yake yatatosha saa ngapi na dakika ngapi, watu ni wangapi, kuna redio gani ya dharura, kuna jaketi za kujiokolea na mashua za mpira ngapi, na ndege ni ya rangi gani. Kuhusu hiyo rangi, wanafunzi wangu wa kazi walikuwa wakiipita haraka, nami nikiwarudisha. Mvuvi wa Kipungani akiombwa atoke na mashua kutafuta ndege iliyoanguka baharini, hatatafuta namba za usajili. Atatafuta kitu cheupe chenye mstari mwekundu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kisanduku hicho hakitumwi njiani pamoja na sehemu nyingine za fomu. Hubaki kule ilikowekwa, na huombwa pakiwa na haja. Kwa hivyo rubani wa ndege ndogo akiitaja idadi redioni kabla ya kuondoka, anatupunguzia kutafuta. Tunaiandika kwenye kikaratasi chake, na Mungu akipenda hatuiangalii tena. Rubani asipoitaja, basi siku akitangaza hatari tutamuuliza, na swali huwa moja lenye vichwa viwili: mko wangapi, na una mafuta ya muda gani? Mafuta tunayataka kwa saa na dakika kwa sababu ndiyo yanayotuambia ataweza kuzunguka angani muda gani tukijiandaa. Watu wa zimamoto nao hujua wanakwenda kuzima moto wa namna gani.

Na watu? Hapo ndipo swali lako lilipo, nami sitaki kulijibu kwa maneno ya darasani. Nitakueleza kilichompata ami yako. Unajua hapendi kukizungumza, nimemwomba ruhusa kwanza.

Mimi nilikuwa na miaka 14, nakaa hapa Amu kwa shangazi nikisoma. Ami yako alikuwa na 6, yuko Siyu kwa mama. Ilikuwa msimu wa kusi. Mashua moja ya tanga ilitoka Siyu kuja Amu, na mama akamkabidhi ami yako kwa jirani, bibi mmoja mtu mzima, amlete kwangu aanze madrasa. Nahodha alikuwa akishughulika na tanga, hakumwona akipanda. Kabla ya kuingia mlango wa bahari wa Mkanda upepo ukawapiga ubavuni, mashua ikapinduka.

Wavuvi waliokuwa karibu walifika upesi. Wakatoa watu majini mmoja mmoja, wakawaweka mchangani upande wa Manda. Nahodha akahesabu. Alikuwa amepokea nauli za watu 18, na mchangani palikuwa na watu 18. Wengine wamekunywa maji, yule bibi hajitambui, lakini wote wanapumua. Akasema alhamdulillahi, tumetimia. Wakaletwa Amu.

Mimi nilikuwa gatini. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akipaza sauti: wote wamepatikana, wote! Nikatazama nyuso, mdogo wangu simuoni. Nikasema basi mama amemzuia, hakusafiri. Nikarudi nyumbani nikala. Mwanangu, nimeshasimama mnarani nikiwa na ndege mbovu angani, wala sijapata kuhisi kile ninachohisi hadi leo nikikumbuka kwamba usiku ule nilikula nikashiba.

Baada ya isha yule bibi akapata fahamu hospitalini. Neno lake la kwanza lilikuwa: mtoto yuko wapi?

Mtoto halipi nauli, kwa hivyo hakuwamo katika zile 18. Mashua zikatoka tena gizani na taa za karabai, maji yanatoka, kila mtu akiita jina lake. Alfajiri mkata boriti mmoja alimkuta ameukumbatia mkoko, maji yamemwacha juu ya mizizi, ngozi ya kifua imechunika yote kwa chaza. Alikuwa hai. Alitetemeka kwa homa siku nyingi. Ndiyo sababu unamwona ami yako hapandi chombo mpaka amewagusa watu mabega mmoja mmoja, na wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukimcheka.

Idadi ndiyo inayowaambia waokoaji waendelee au warudi. Ukiwaambia 18 na watu walikuwa 19, watarudi nyumbani wakishukuru, na wa 19 yuko mikokoni anawasikia wakiondoka. Ukiwaambia 19 na watu walikuwa 18, mtu wa zimamoto ataingia tena kwenye moshi kumtafuta asiyekuwepo, na huenda asitoke. Makosa yote mawili huua. Lile la kwanza linaniogofya zaidi, kwa sababu halina kelele.

Umri wako unakumbuka MV Spice Islander, iliyozama Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba. Meli ile iliruhusiwa kubeba kama watu 600. Siku za kwanza zilitajwa mia kadhaa, baadaye tume ikasema waliopanda walizidi 2,000. Fikiria nafasi iliyopo kati ya hesabu hizo mbili. Ni mtaa mzima wa watu.

Na fikiria upande wa pili, ile ndege iliyotua juu ya mto Hudson, New York, Januari 15, 2009, baada ya injini zote mbili kupigwa na ndege wa porini. Watu walikuwa 155: abiria 150 na wafanyakazi 5. Mmoja wa wale abiria 150 alikuwa mtoto mchanga wa kupakatwa. Ungehesabu viti vyenye watu ungepata 154. Rubani wake, Sullenberger, alipita ndani ya ndege iliyokuwa ikijaa maji, mara mbili, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Lakini watu walikuwa wamechukuliwa na boti mbalimbali, kila boti imekwenda upande wake, na ilimchukua saa nyingi kabla ya kuletewa neno kwamba 155 wote wametimia. Mimi namwelewa. Mtu unaweza kuokoka na bado ukawa umekaa unangojea tarakimu.

Nilipokuwa kazini lilinipata dogo la namna hiyo. Rubani alikuwa anakuja Malindi, taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Tukatoa gari la zimamoto, nikamuuliza idadi, akasema 8. Alitua salama, gurudumu lilikuwa limeshuka, taa tu ndiyo iliyoharibika. Nikashika darubini nikawahesabu wakishuka. Wakashuka 9. Wa tisa alikuwa fundi wa kampuni, alidandia dakika ya mwisho na sanduku lake la spana, na karatasi ya abiria ilikuwa imeshachapwa. Zamu yangu ilipokwisha nilimtafuta yule rubani. Sikumpigia kelele. Nilimweleza habari ya mkoko. Tangu siku ile kila akinipitia redioni alikuwa akiitaja idadi taratibu, kama mtu anayesoma majina.

Nisisahau jambo moja, kwa kuwa njia yenu ya kuja huku ina bahari. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia maji pwani ya Ngazija, mbele ya hoteli. Walikuwamo watu 175, waliookoka ni 50 tu. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamezijaza hewa jaketi zao wakiwa bado ndani, maji yalipoingia zikawapandisha juu hadi darini wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, hujazwa hewa mlangoni ukitoka. Na kabla ya kuruka muulize mhudumu jaketi la mtoto liko wapi, kwani lile la chini ya kiti chako ni lako wewe. Usione haya kuuliza.

Mkija kwa Maulidi nijulishe siku mapema. Ami yako ameshasema yeye ndiye atakayewapokea gatini Manda na mashua. Atawagusa mabega kama ada yake. Usimfunike mtoto leso ya uso, mwache amwone amguse na yeye.

Wasalaam,
Babako