Jibu: Hobie 16 inabonyea mbele ya nguzo

Salaam mkuu. Nimekuelewa: kwenye Hobie 16 yako (mashua ya matanga yenye bodi mbili), sitaha ya bodi ya kushoto inabonyea mbele ya nguzo inayobeba boriti ya mbele, na una mashindano mwezi ujao.

Anza na sarafu. Gonga nayo sitaha taratibu kutoka omo (ncha ya mbele ya bodi) hadi kwenye nguzo. Palipo pazima panalia kwa ukali, tabaka zilipoachana panatoa sauti butu. Zungushia alama ya penseli. Bodi hizi ni tabaka mbili za fibaglasi zenye povu gumu katikati. Tabaka likishabanduka, nguvu imekwisha hata kama rangi inang'aa.

Yangu ilibanduka eneo la kiganja. Niliikausha wiki nzima, vizibo vya kutolea maji vikiwa wazi, nikatoboa vitundu vya milimita 3 kila baada ya sentimita 3, tabaka la juu tu (funga utepe kwenye keekee usipitilize), nikaingiza gundi ya epoksi nyepesi kwa bomba la sindano mpaka ikatokea tundu la jirani. Ukiharakisha ukaushaji, epoksi haishiki, nawe huipati tena nafasi hiyo.

Ipime pia. Hobie 16 ni kilo 145. Ikizidi sana, kuna maji ndani.

Ila kama kuna ufa ubavuni karibu na nguzo, tafadhali usiishushe majini. Omo likizama kwenye wimbi, hapo ndipo bodi hukatika. Ufa huo siwezi kuuhukumu kwa maelezo tu, weka picha.